Milimita Kumi na Mbili

Jumatatu, 1 Septemba

Tangazo limebandikwa mlangoni pa bweni. Sote tunaoingia mwaka wa tatu tuhame kufikia Jumamosi ya tarehe 20, siku ya mahafali. Eti wa mwaka wa kwanza wanahitaji vyumba. Nimelisoma mara tatu. Mara ya tatu lilikuwa baya zaidi.

Chumba changu ni namba 14. Kina dirisha linalofunguka na bomba la ndani, bomba la pekee katika ghorofa nzima. Niliyekuwa naishi naye alihamia kwa dada yake mwaka jana akidai nakoroma. Simkanushi. Tangu hapo naishi kama waziri.

Nikitoka hapa nakwenda kwa Shangazi. Nampenda Shangazi, na likizo zote hunipokea bila neno. Lakini ni fundi cherehani, sebule yake ndiyo karakana, na kimo changu kwa bahati mbaya ni kimo cha wateja wake wengi. Likizo iliyopita nilisimama juu ya stuli asubuhi nzima nikiwa nimevaa gauni la mama wa bwana harusi, Shangazi akibana upindo kwa pini. Bwana harusi mwenyewe akaingia. Akaniamkia shikamoo.

Sirudi kwenye stuli ile. Nimeapa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimerudi kwenye tangazo nikasoma maandishi madogo. Kifungu cha saba! Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi kilichosajiliwa, na kilicho hai, anabaki na chumba chake. Kumbe ndiyo maana jirani yangu wa namba 13 anapiga mluzi tangu jana. Yeye ni mwenyekiti wa Chama cha Mdahalo. Tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa alituomba tumwite hivyo. Alinipa pole kwa sauti ya msibani, kisha akauliza bomba langu hutoa maji saa ngapi.

Nahitaji chama. Masharti: wanachama kumi, mlezi ambaye ni mhadhiri, na shughuli. Shida ni hiyo shughuli. Ukianzisha kwaya, watu watakuja kuimba. Ukianzisha chama cha kusoma vitabu, kuna mtu atasoma kitabu.

Mchana nilikuwa bwaloni nikitazama dirishani. Mbingu nyeupe pe. Haijanyesha tangu Mei na haitanyesha hadi Novemba.

Chama cha Kupima Mvua! Shughuli: kupima mvua. Mvua: hakuna. Nilicheka peke yangu mpaka mpishi akaja kuuliza kama chakula kina kasoro.

Jumatano, 3 Septemba

Nimewaomba watu tisa wajiunge. Wote tisa wamekataa. Mmoja alikataa kabla sijamaliza kusema “mvua”.

Kisha akili ikafunguka. Saa nne tulikuwa na somo la Takwimu, ukumbi mkubwa, viti mia na arobaini. Hapa chuoni karatasi ikipita darasani, unasaini na kumpa jirani. Hakuna anayeisoma. Ni karatasi ya mahudhurio, ni nini tena? Nikaandika juu kabisa, kwa herufi ndogo lakini za kweli: Wanachama wa Chama cha Kupima Mvua. Nikaiachia kutoka kiti cha kwanza.

Imerudi na sahihi mia moja sitini na tatu. Viti mia na arobaini, navyo havikujaa. Wamewasainia na rafiki zao waliolala. Mmoja wa wanachama wangu aliacha chuo mwaka jana. Baadaye ikapita karatasi yenyewe ya mahudhurio, nayo wakaisaini bila kushangaa.

Ni mmoja tu aliyesoma. Msichana wa safu ya mbele, mwenye miwani na rula. Alinifuata mlangoni akauliza mkutano wa kwanza ni lini. Nikasema karibuni. Akauliza karibuni ni tarehe ngapi. Nikasema Ijumaa, ili aniache. Akaiandika na kuipigia mstari kwa rula. Sikuupenda mstari ule.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempata mlezi. Profesa wa Jiografia, mzee mpole, anastaafu Desemba. Nilimchagua kwa sababu husinzia kwenye mihadhara yake mwenyewe.

Nilipotaja mvua hakusinzia. Alisimama. Alisema miaka ishirini na mbili amekuwa akisubiri mwanafunzi mmoja aje mwenyewe aulize habari za mvua. Nikamwonyesha orodha. Aliposoma sahihi mia moja sitini na tatu alivua miwani akaifuta, na hakuirudisha haraka. Nilitazama ramani ukutani mpaka akamaliza.

Alitia sahihi. Kisha akasema ana kifaa stoo.

Mimi sikuomba kifaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumesajiliwa! Tena ndicho chama kikubwa kuliko vyote chuoni. Chama cha Mdahalo kina watu arobaini na mmoja. Mheshimiwa ameacha kupiga mluzi.

Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na watu wawili, mimi na msichana wa rula. Nilichaguliwa mwenyekiti kwa kura mbili. Yeye kachaguliwa katibu, kura mbili pia, kwa kuwa sikuwa na namna.

Profesa alikuja na kifaa amekikumbatia. Kipimamvua: mtungi wa shaba, faneli juu, chupa ndani, na bilauri yenye mistari ya milimita. Tumekifunga nyuma ya jengo la sayansi, mwendo wa dakika ishirini kutoka bweni. Profesa ameagiza kisomwe kila siku saa tatu asubuhi kamili na tarakimu iandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nani asome? Katibu akajitolea. Nikamkatalia. Mwenyekiti ni nani? Nikampa kazi ya kutunza daftari.

Jumatatu, 8 Septemba

Jumamosi nilikwenda. Sifuri. Jumapili nilikwenda. Sifuri, na kiatu kimefunguka soli. Leo nimesoma kipimamvua nikiwa kitandani. Sifuri. Sioni tofauti yoyote ya kitaalamu.

Jumatano, 10 Septemba

Pigo. Msimamizi wa bweni kaniita ofisini. Ana daftari lake, na ndani yake kila chama kina alama. Kasema kifungu cha saba kinataka chama kilicho hai, naye kapita ubaoni akaona sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Akaniuliza uhai uko wapi hapo. Chama cha Mdahalo, alisema, wiki jana walibishana mpaka wakavunja kiti. Huo ndio uhai.

Nikamweleza kwamba mvua siileti mimi. Akasema hilo si tatizo la ofisi yake. Atapita tena kesho.

Nimefikiri sana. Chumba changu! Bomba langu! Ile stuli!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeandika nne. Milimita nne tu, mvua ya alfajiri.

Nilitegemea kuzomewa. Wapi! Mheshimiwa aliapa kwamba aliisikia juu ya bati. Bweni letu lina paa la zege. Mpishi kasema ndiyo maana magoti yanamuuma. Vijana wawili walibishana kama ilianza saa kumi au saa kumi na moja, na aliyesema saa kumi alimwita mwenzake mwongo.

Msimamizi kaweka alama ya vema. Sijawahi kuona alama nzuri vile.

Ijumaa, 12 Septemba

Mheshimiwa ametundika bango la mdahalo mkubwa, futi sita kwa tatu, limefunika nusu ya ubao wangu. Sikulalamika. Nimeandika 12 kwa wino mwekundu, tarakimu kubwa kuliko kichwa chake kilichochorwa bangoni.

Katibu kaja na daftari. Amesema kitanda chake kiko dirishani, aliamka saa kumi kusoma, na hakuona hata tone. Nikamweleza kwa upole kwamba mvua hii ni ya eneo dogo, nyuma ya jengo la sayansi tu. Akauliza eneo la ukubwa gani. Nikasema dogo. Akaandika: dogo.

Jumatatu, 15 Septemba

Jumamosi tisa. Jumapili tisa. Nilijiachia.

Leo nimepita kiwanja cha mahafali. Hapo ndipo watu elfu mbili watakapokaa Jumamosi, na Mkuu wa Chuo hupenda majani yawe kijani kwenye picha. Majani ni ya njano. Nikainama nikayashika. Yakakatika.

Nikamtafuta Bwana Shamba, mkuu wa bustani. Nilimkuta amekaa kivulini, jambo ambalo sijaliona tangu nije chuoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema walipewa agizo la kubana maji, wasimwagilie mvua ikinyesha, na sasa yeye hufuata tarakimu za ubao wetu. Mipira ya maji imekunjwa tangu Alhamisi. Ameivuta mipira hiyo kwa mgongo wake miaka kumi na tisa, alisema, na hajawahi kupata msaada kutoka kwa msomi yeyote isipokuwa mimi.

Nikauliza, kama mtu asiyejali, mbona majani yamebadilika rangi. Akasema ni maji yamezidi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeandika sifuri, ili amwagilie. Hakumwagilia. Kapiga hesabu: nne na kumi na mbili na tisa na tisa, ardhi imeshiba hadi wiki ijayo.

Nimejikaza kisabuni. Nimechota maji kwenye bomba langu nikabeba ndoo moja moja hadi kiwanjani. Ndoo thelathini na moja. Watu waliponiuliza nilisema ni mazoezi ya viungo. Nimelowesha eneo la ukubwa wa mkeka. Mikono haifungui kofia ya kalamu, naandika kwa taabu.

Jumatano, 17 Septemba

Mkeka wangu umeota kijani kizuri sana katikati ya kiwanja cha kahawia. Mkuu wa Chuo kapita akasimama, akauliza pana nini hapo chini. Kumbe sasa panaonekana kama kaburi.

Profesa kanizuia kwenye ngazi. Ana furaha. Amewaandikia wa kituo cha hali ya hewa, nao wamejibu kwamba mwezi huu wote hawajapima tone mji mzima. Nikaanza kutafuta njia ya kushuka ngazi. Lakini yeye kaona kinyume! Kasema tuna wingu letu dogo, la pekee, linalonyesha alfajiri nyuma ya jengo la sayansi, na kwamba hiyo itakuwa makala yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Kesho asubuhi anakuja kusoma kipimamvua kwa mikono yake, pamoja na Katibu na Msimamizi. Anafikiria kuliita wingu hilo kwa jina langu.

Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Saa mbili na nusu nilikuwa bwaloni, chupa ya chai mkononi. Nikakumbuka kitu. Tangu Jumapili ya kwanza sijafungua kile kipimamvua. Kama buibui amejenga humo, nimekwisha. Nikatoka mbio na chupa yangu.

Buibui alikuwa amejenga. Faneli nzima, utando mzito, na yeye katikati ameketi kama mwenye hati ya kiwanja. Hakuna bomba karibu. Sauti ya Profesa ikasikika kwenye kona ya jengo, akimweleza Msimamizi habari za mawingu. Sikuwa na maji. Nilikuwa na chai.

Nikamimina. Buibui akaondoka, utando ukashuka, nikaitupa chupa ya chai majanini, nikasimama pembeni nikiwa nimefumbata mikono nyuma.

Profesa alitoa chupa ya ndani ya mtungi kwa heshima zote akamimina kwenye bilauri. Milimita thelathini na moja. Akainyanyua kwenye mwanga. Rangi ya kahawia. Akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliye ibadani, kwamba hilo ni vumbi la mbali lililoletwa na upepo wa juu, na kwamba hajawahi kuona sampuli kama ile.

Katibu akaomba bilauri. Akainusa. Akachovya kidole, akaonja, akafungua daftari. Akasema mvua ina sukari.

Msimamizi naye akaonja. Akasema sukari ni nyingi mno. Profesa alikuwa wa mwisho. Alionja, akatazama chupa yangu inayofuka mvuke kwenye majani. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa imekauka na kuwa ngumu.

Hakugomba. Kaniuliza tu kama kuna iliyobaki. Nikammiminia kwenye kifuniko. Akakaa juu ya jiwe akanywa, akanirudishia kifuniko, akasema asante mwanangu. Hapo nilipatwa na haya kwelikweli, haya ya kutaka kulia. Nikasema naomba radhi. Akasema alipaswa kushangaa alipoona watu mia moja sitini na tatu wanapenda mvua.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkutano wa dharura. Katibu alitangaza kwenye somo la Takwimu kwamba majina yataitwa, kwa hiyo walikuja watu tisini na sita. Wengi waliketi wakatoa kalamu wakisubiri karatasi.

Makosa yangu yalisomwa kwa tarehe. Katibu anasoma vizuri, sina budi kukiri. Bwana Shamba alikuja kama shahidi, akiwa na kiganja cha majani makavu. Hakuniangalia. Hilo limeniuma kuliko mengine. Mheshimiwa alizungumza dakika ishirini, ingawa si mwanachama. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliisikia mvua juu ya bati. Akasema alikuwa akinipa moyo.

Kura: tisini na tano waniondoe, mmoja nibaki. Huyo mmoja ni mimi.

Katibu ndiye mwenyekiti mpya. Yeye ana chumba chake bweni la wasichana, kwa hiyo nilidhani pengine namba 14 itabaki wazi, na kitu kikiwa wazi mtu anaweza kuzungumza. Lakini Msimamizi kasema chama kikubwa kuliko vyote lazima kiwe na ofisi. Namba 14 imekuwa ofisi ya Chama cha Kupima Mvua. Wameshapachika kibao. Ndani watahifadhi madaftari na mtungi wa akiba. Mtungi utakaa kwenye kitanda changu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimevaa joho la mahafali. Si langu.

Shangazi alinipokea asubuhi na mapema bila kuuliza lolote. Alinitazama tu kuanzia kisiginoni hadi begani, akasema Mungu mkubwa, akavuta stuli. Ana majoho kumi na moja yanayotakiwa kabla ya saa nne, na wahitimu wake wote wana kimo changu. Nilipofika joho la saba mhitimu mwenyewe aliingia. Akanipa hongera. Nikaipokea.

Mahafali yamehamishiwa bwaloni na ukumbini, kwa sababu ya majani. Wameandika hivyo kwenye barua: kwa sababu ya majani. Jina langu hawakulitaja.

Saa tano na nusu kukaanza kuingia giza. Shangazi akasimamisha cherehani. Kisha ikaja! Mvua yenyewe, kubwa, ya kelele, juu ya bati ambalo ni bati kweli. Shangazi alikimbia kuanua vitambaa. Mimi sikuweza kushuka, nilikuwa na pini pande zote.

Jumapili, 21 Septemba

Mheshimiwa kanipigia simu kunieleza kwamba namba 14 imefungwa kufuli na sasa hata yeye hana bomba. Nilimpa pole kwa sauti ya msibani. Kisha nikauliza ubao unasemaje. Kasema Katibu kasoma saa tatu kamili, kaandika kwa rula.

Milimita kumi na mbili.

Kumi na mbili! Nimekaa nikaitafakari haki ya dunia hii. Kumbe nilikuwa sahihi. Nilitangulia kidogo, siku nane tu. Tena lile jambo la majani: kama majani yangekuwa kijani, watu elfu mbili wangekuwa kiwanjani na majoho yao, pamoja na Mkuu wa Chuo na kofia yake. Wote wamehitimu wakiwa wakavu. Nani kawaokoa? Nimeandika barua ya kurasa nne kwa Msimamizi nikimweleza haya. Shangazi kaisoma, kacheka mpaka akapiga chafya, kisha akakata kiolezo cha kola kutoka ukurasa wa tatu. Nitaandika tena.

Nimejipima bila huruma, kama inavyompasa mtu mkweli, na nimeliona kosa langu. Mvua. Mvua haikuwa chaguo zuri. Mvua inaacha ushahidi.

Kesho wanaingia wa mwaka wa kwanza, na siku ya kwanza husaini chochote kinachopita. Nimepiga mistari kwenye karatasi kubwa kwa chaki ya Shangazi, nikiwa hapa hapa kwenye stuli, sketi ya mwalimu mkuu ikingoja upindo. Shangazi ananikemea nisitikisike. Juu nimeandika, kwa herufi ndogo lakini za kweli: Wanachama wa Chama cha Kupima Upepo.

Upepo hauloweshi majani, na hakuna atakayeuonja.